Taa ya Kigeni na Haki ya Anayekuja

Taa ya mbele ya gari hutoa mwanga wa namna mbili. Wa kwanza, ambao madereva huuita fulu, hunyooka mbali bila kujali nani yuko mbele. Wa pili, dimu, umekatwa: juu ya mstari fulani mwanga haupiti, chini yake barabara huangazwa. Mstari huo haulingani pande zote. Tangu miaka ya 1950 watengenezaji wa Ulaya waliupandisha kidogo upande mmoja, kwa nyuzi zipatazo 15, ili mwanga ufike mbali kwenye ukingo ambako watu hutembea, na kuubakiza chini upande wa pili ili usiingie machoni mwa anayekuja. Katika nchi zinazoendesha kushoto, Tanzania ikiwemo, mwanga hupanda kushoto. Katika nchi zinazoendesha kulia, kama Ujerumani au Falme za Kiarabu, hupanda kulia. Taa ya nchi za kulia ikifungwa kwenye gari linalotembea Tanzania hufanya kazi yake yote kwa ukamilifu, ila huifanya upande usiotakiwa.

Kiwira ni mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, kwenye barabara kuu inayotoka Uyole, hupita Tukuyu, kisha hushuka hadi Kyela na mpaka wa Malawi huko Kasumulu. Barabara hiyo hupanda milima ya Uporoto, hupita Isyonje, halafu huteremka kwa kona nyingi kati ya migomba na mashamba ya viazi. Sehemu kadhaa za Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hushuka mpaka juu ya lami. Usiku hupita kila kitu: Fuso za ndizi, viazi na maparachichi zinazowahi masoko ya mbali, semi-trela za Malawi, Noah na Costa za abiria, bajaji, bodaboda, na watu waendao kwa miguu ukingoni na mizigo kichwani. Taa za vyombo hivyo zimetoka nchi nyingi, kila nchi na kanuni zake. Kama ni halali au si halali ni swali linaloweza kujibiwa kwa kufungua kitabu cha kanuni. Gumu zaidi ni lile lililo chini yake: taa iliyokuwa haina hatia Hamburg inapataje hatia Kiwira, na hatia hiyo ni juu ya nani?

Kuhusu alama, mambo ni wazi kiasi. Taa iliyoidhinishwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1958 huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto huwa na mshale unaoelekea mkono wa kulia wa mtu anayeitazama kwa mbele. Mshale wenye ncha mbili ni wa taa inayoweza kurekebishwa kwa pande zote. Isiyo na mshale ni ya nchi za kulia. Kwa hiyo mnunuzi wa Tanzania anapaswa kuogopa zaidi alama isiyokuwepo, jambo ambalo si tabia ya wanunuzi popote duniani. Tena taa nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hazina alama ya E kabisa, nazo ni sahihi kwa Tanzania kwa sababu Wajapani huendesha kushoto. Taa yenye cheti kizuri cha Ulaya yaweza kuwa ya kosa barabarani Rungwe, na isiyo na cheti ikawa ya haki. Marekani nayo ina mfumo wake, ambamo mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kwa alama ya DOT. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1983 nchi hiyo ilidai taa za mbele ziwe za aina iliyozibwa, kioo na balbu kitu kimoja, hivi kwamba taa za Ulaya zenye balbu ya kubadilisha, ambazo wapenzi wa magari walizisifu, zilikuwa haramu huko kwa miaka mingi.

Wanafalsafa wa sheria wana chombo cha zamani cha kuchambulia hali kama hii. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alieleza kwamba sheria za binadamu hutokana na sheria ya maumbile kwa njia mbili. Nyingine hufuata kama hitimisho: kwa kuwa ni vibaya kumdhuru mtu, basi ni vibaya kumuua. Nyingine hufuata kwa uteuzi: akili inadai kuwe na utaratibu fulani, lakini haisemi upi, na mwenye mamlaka huchagua mmoja kati ya mingi inayofaa. Kuendesha kushoto au kulia ni mfano ambao walimu wa falsafa hawauchoki. Hakuna aliyezaliwa na wajibu wa kupita kushoto. Mmarekani David Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu mapatano ya kijamii, alionyesha kwamba kanuni ya namna hii hupata nguvu kwa sababu kila mtu anatarajia wenzake waifuate, na kila mtu angependa kuifuata mradi wenzake wanaifuata.

Ushahidi wa ukweli huo ni Sweden. Tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ilihama kutoka kushoto kwenda kulia, na pamoja na alama za barabarani na milango ya mabasi, ilibidi taa za mbele nazo zibadilishwe. Taa iliyokuwa ya haki Jumamosi usiku ilikuwa ya kosa Jumapili asubuhi, na hakuna skrubu hata moja iliyoguswa. Ufaransa inatoa mfano wa aina nyingine: kwa sheria ya mwaka 1936 ilidai taa za mbele ziwe na mwanga wa njano, kwa hoja kwamba njano haiumizi macho sana, na ikashikilia hivyo hadi 1993, ilipolazimika kufanana na jirani zake wa Ulaya. Kwa zaidi ya nusu karne taa nyeupe ilikuwa kosa upande mmoja wa mto Rhine na sahihi upande wa pili.

Kutokana na mifano hiyo ni rahisi kurukia hitimisho kwamba kosa la taa ni kosa la karatasi tu. Fikra hiyo ndiyo huwapa mafundi na madereva wengi amani ya moyo: kama Wajerumani wanaikubali, itakuwaje mbaya? Hoja hiyo haisimami, na inaanguka kwa sababu ya namna mwanga unavyosafiri. Serikali ikishachagua upande wa kushoto, mambo mawili hayabaki tena kwenye uchaguzi wa mtu. La kwanza, jicho la anayekuja liko kulia kwa dereva. La pili, mtu anayetembea ukingoni karibu na gari yuko kushoto. Taa ya nchi za kulia humtupia wa kwanza mwanga wa ukingo, na humwacha wa pili katika giza ambalo taa sahihi ingeliondoa. Madhara ni mawili kwa swichi moja. Upande wa barabara ni wa kuteuliwa, lakini upofu wa sekunde chache unaompata mtu mwenye usukani mkononi haukuteuliwa na bunge lolote. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde, na jicho lililomulikwa huhitaji sekunde kadhaa kurudi katika hali yake, zaidi likiwa la mtu mzima au lenye mtoto wa jicho.

Kwa lugha ya Aquinas, basi, kanuni ya taa ina tabaka mbili. Juu kuna uteuzi, unaobadilika kwa nchi na mwaka. Chini kuna hitimisho lisilobadilika: usimpofushe mwenzako njiani. Anayevunja tabaka la juu mahali ambapo watu wameshapanga maisha yao juu yake, huvunja na la chini kwa tendo lilelile. Ndiyo maana uhalali wa taa hauwezi kutafutwa ndani ya taa yenyewe. Ni uhusiano kati ya taa, barabara na jicho la mtu ambaye mwenye gari hatamjua jina.

Sheria ya Tanzania inalikaribia jambo hili kwa upana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168, inataka gari linalotembea liwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine, taa zikiwemo. Shirika la Viwango, TBS, lina kazi ya kuhakikisha magari yaliyotumika yanakaguliwa kabla hayajaingia matumizini. Kikosi cha Usalama Barabarani kimewahi, kwa nyakati tofauti, kuagiza kuondolewa kwa vimulimuli, ving'ora na taa za ziada zenye mwanga mkali. Katiba yenyewe, ibara ya 30, inaweka msingi kwamba haki ya mtu mmoja haitumiki kwa namna ya kuingilia haki za wengine. Msingi upo. Kinachokosekana ni mahali pa kuusimamisha. Ukaguzi wa gari huliona kama lilivyoshuka bandarini, na kwa bahati ya historia sehemu kubwa ya magari madogo hutoka Japani yakiwa na taa za kushoto. Kosa huingia baadaye: taa imevunjika, spea imetafutwa, iliyopatikana kwa bei nafuu ni ya gari la Ulaya au la Ghuba, au lori zima limenunuliwa kutoka Ulaya bara na kufika na taa zake za asili. Nao ukaguzi wa trafiki barabarani huwa mwingi zaidi mchana, wakati taa ya haki na taa ya kosa zinafanana.

Kuna njia ya tatu ya kosa kuingia, nayo ndiyo iliyoenea. Balbu ya halojeni ya H4, ya wati 60 kwa 55, ina nyuzi mbili ndani yake na kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu, kinachokinga mwanga usiende juu. Kioo cha nyuma ya taa kimechongwa kwa kutegemea mahali hasa uzi ulipo. Fundi akiitoa balbu hiyo na kupachika ya LED au ya zenoni, chanzo cha mwanga husogea au hubadilika umbo, na mstari uliokatwa kwa uangalifu hupotea. Mwenye gari huona mwanga mweupe, mwingi, hufurahi na hulipa. Ujerumani iliruhusu kwa mara ya kwanza balbu za LED za kubadilishia halojeni mwaka 2020, tena kwa aina maalumu na kwa magari yaliyoorodheshwa moja moja. Balbu ileile, ikihamishiwa kwenye gari lisilo katika orodha, ni kosa.

Biashara hii ina sura ya ajabu kimaadili. Maadili ya kuuza na kununua, katika Uislamu na katika Ukristo pia, yameshughulika sana na muuzaji anayeficha kasoro. Hapa hakuna kasoro iliyofichwa kwa mnunuzi. Amepata alichotaka, pengine zaidi. Fundi hakudanganya, bei ilikuwa ya haki, wote wawili wameagana kwa heri. Aliyepunjwa hakuwepo dukani: yuko kona ya mbele, anatoka Tukuyu. Mkataba unaweza kuwa mwaminifu kwa kila aliyeusaini na bado ukamdhulumu mtu wa tatu, na maadili yanayoishia kwenye uaminifu wa wawili hayana la kusema juu yake.

Maandiko yana la kusema. Mambo ya Walawi, sura ya 19, aya ya 14, inakataza kumwekea kipofu kikwazo mbele yake, na mara baada ya katazo hilo inaamuru kumcha Mungu. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyeishi Troyes, Ufaransa, kati ya 1040 na 1105, aliuliza kwa nini uchaji umetajwa hapo. Jibu lake ni kwamba hili ni tendo ambalo watu hawawezi kujua kama aliyelitenda alikuwa na nia njema au mbaya. Mtendaji ana nafasi ya kujitetea, kwa hiyo anakumbushwa yule anayejua mawazo. Rashi aliongeza kwamba kipofu katika aya hiyo ni pia mtu asiyeona katika jambo fulani, yaani asiyelijua, anayepewa ushauri unaomwangusha. Kwa ufafanuzi wa kwanza aya inamhusu dereva, na kwa wa pili inamhusu muuza spea. Kumbukumbu la Torati 27:18 inakwenda mbali zaidi na kumlaani anayempoteza kipofu njiani, katika orodha ya laana ambazo nyingi ni za matendo yafanywayo sirini.

Usiri huo ndio kiini cha jambo. Aliyemulikwa hakuona namba ya gari. Hakuona hata rangi yake. Hakuna shahidi, hakuna mlalamikaji, na gari lililosababisha mwenzake atumbukie mtaroni laweza kuwa limefika Kyela bila dereva wake kujua kilichotokea nyuma. Mafundisho yanayotegemea aibu mbele ya watu hayana nguvu mahali ambapo mkosaji haonekani na aliyekosewa hana macho ya kumwona.

Uislamu ulilitazama suala kutoka upande wa barabara yenyewe. Katika hadithi iliyosimuliwa na Abu Said al-Khudri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume aliwaonya masahaba kuhusu kukaa njiani. Waliposema hawana budi, aliwataka waipe njia haki yake, na akazitaja haki hizo: kuinamisha macho, kujizuia kuudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kinachostaajabisha ni kwamba mwenye haki hapo ni njia. Msafiri hahitaji kumjua kila apitaye. Inamtosha kujua kwamba amesimama mahali panapodai. Hadithi nyingine mashuhuri inahesabu kuondoa kitu chenye madhara njiani kuwa tawi la chini kabisa la imani, na kama kuondoa ni tawi la chini, kuongeza kuna shida ya kupatiwa tawi lolote. Mafakihi wa Kihanafi na wa Kishafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, walifundisha kwamba kutumia njia ya wote kunaruhusiwa kwa sharti la usalama wa matokeo. Mejelle, mkusanyo wa sheria za kiraia wa dola ya Uthmaniyya uliotolewa kati ya 1869 na 1876, uliliweka sharti hilo katika kifungu cha 926. Waliokuwa wakifikiriwa ni wenye ngamia, mizigo ya kuni na mabomba ya paa yanayomwaga maji mtaani. Mwanga nao humwagika.

Dereva wa usiku ana utetezi, na hastahili kupuuzwa. Kati ya Isyonje na Kiwira taa za barabarani ni chache, kona ni nyingi, kuna mashimo, lori lililoharibika laweza kuwa limeachwa na matawi ya miti nyuma yake badala ya pembetatu, na mtu aliyevaa nguo nyeusi haonekani mpaka amefikiwa. Anayefunga taa kali anataka kuona, na kuona huko kunaokoa hata huyo mtembea kwa miguu. Madhara kwa anayekuja hayakukusudiwa. Hoja hii inafanana na ile ambayo wanateolojia wa Kikatoliki waliijenga kutoka kwa Aquinas kuhusu tendo lenye matokeo mawili, moja jema lililokusudiwa na moja baya lililovumiliwa. Lakini hoja hiyo ina masharti, na sharti linaloivunja hapa ni lile linaloulizia kama jema lingeweza kupatikana bila baya. Lingeweza: dimu sahihi iliyopangwa vizuri, fulu pasipo na mtu, na mwendo mdogo zaidi. Sheria ya Kiislamu ina kanuni inayofanana, kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Giza tupu ni dharura ya kuwasha fulu. Gari likitokea mbele, dharura imekwisha hapo hapo. Na katika ukungu wa Uporoto hata utetezi wa kuona haupo, kwa kuwa matone ya maji huurudisha mwanga mkali machoni mwa mwenye taa, na aliyewasha fulu huona ukuta mweupe.

Taa za ziada zinazofungwa juu ya bampa nazo hazipiti kipimo cha mwanafalsafa Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, Kant alitaka mtu ajiulize kama kanuni anayoifuata ingeweza kuwa ya wote. Aliyeongeza taa amepata nafuu kwa kuwa wengine hawajaongeza. Wengine wakimulikwa huongeza nao, si kwa ufahari bali kwa kujihami, na macho ya wote huzoea mwanga mkubwa hivi kwamba kinachopita nje yake kinazidi kuwa giza. Baada ya mizunguko michache kila mmoja ametumia fedha, na hakuna anayeona kuliko alivyoona mwanzo. Anayebaki nyuma kabisa ni yule ambaye hakuwahi kuingia katika mashindano: mwenye baiskeli, na mama anayetoka sokoni kwa miguu. Yeye hana taa ya kurudishia.

Kurudishia ndiko hutokea zaidi. Dereva aliyemulikwa hupiga fulu mara moja kumkumbusha mwenzake. Asipojibiwa, huiwasha na kuiacha mpaka wapishane. Kati ya yote yanayofanyika barabarani usiku hili ndilo linalogusa moja kwa moja swali la zamani la kisasi, na hakuna mahali ambapo kauli ya jicho kwa jicho ina maana ya karibu namna hii. Sheria ya Musa iliiweka kama kikomo, kisasi kisizidi hasara. Mahubiri ya mlimani, katika Mathayo sura ya 5, yaliitaja ili kuiacha. Hadithi ambayo mwanazuoni An-Nawawi aliiweka ya 32 katika mkusanyiko wake wa hadithi arobaini inakataza madhara na pia inachokiita dhirari; wanazuoni wametofautiana kuhusu tofauti ya maneno hayo mawili, na baadhi yao wamesema la pili ni kulipiza madhara kwa madhara. Mejelle nayo, kifungu cha 25, inasema madhara hayaondolewi kwa mfano wake. Barabarani ukweli wa kanuni hiyo hauhitaji imani: kabla ya kisasi alikuwepo dereva mmoja asiyeona, baada yake wako wawili, nao wanakaribiana. Ishara ya mara moja ni jambo jingine. Iko karibu na kuamrisha mema, kwa kuwa wengi huwa wamesahau swichi, na ni miongoni mwa lugha chache walizonazo wageni wawili wanaopishana gizani. Lakini ishara ina kikomo ambacho kisasi hakina, na madereva wazoefu huwafundisha wanaoanza wasiitazame taa inayokuja. Watupe macho kwenye mstari wa ukingo wa kushoto na wapunguze mwendo.

Rungwe yenyewe haikusubiri wageni ili ifikirie mambo ya kuona usiku. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika mwaka 1891. Kabla yao na kwa muda mrefu baada yao wenyeji wake, Wanyakyusa, walikuwa na fikra zao kuhusu ujirani, na wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walizichunguza katika miaka ya 1934 hadi 1938. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kinaeleza vijiji vya marika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga na kuishi pamoja, na thamani waliyoiita ukwangala, yaani kukaa vizuri na wenzako, kula na kuzungumza nao, na kujifunza adabu kwa kuwa nao. Kinaeleza pia imani kwamba baadhi ya watu wana uwezo wa kuona yanayofanyika usiku. Uwezo huo ulikuwa mmoja. Aliyeutumia kwa tamaa yake, kujinufaisha kwa hasara ya majirani, alikuwa mchawi. Aliyeutumia kuwaona wachawi na kuwakinga wanakijiji alikuwa mlinzi, na kijiji kisichokuwa na watu kama hao kilionekana kiko wazi.

Mtu wa leo aweza kuiweka kando imani hiyo na bado akaona hukumu iliyomo ndani yake. Kuona usiku hakukuhesabiwa kuwa wema wala uovu kwa kukutazama peke yake. Kulihukumiwa kwa kuangalia kama mwenye kuona amebaki mwenzi wa wengine. Tofauti na leo ni kwamba ukwangala ulikuwa wa watu waliojuana tangu utoto, na barabara kuu imejaa wasiojuana. Je, wajibu wa ujirani unaweza kunyooshwa hadi kwa mtu wa sekunde nne? Wapo wanaodhani hauwezi, na kwamba huko ni sheria na faini tu zinazofaa. Mwenendo wa barabarani unawapinga kwa kiasi: kila usiku maelfu ya madereva hushusha taa mahali pasipo na askari wala kamera, kwa mtu ambaye hawatakutana naye tena, nao wakishushiwa hupata hisia iliyo karibu sana na kusalimiwa. Ujirani huo mfupi upo. Ila unahitaji vifaa, kwa kuwa mwenye taa ya kosa huishusha kwa nia njema kabisa na bado anamulika.

Kuhusu vifaa, kazi si kubwa. Gari husimamishwa mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani, dimu huwashwa, na mstari wa mwanga ukutani huwekwa kama sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa. Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya taa nyingi. Penye ukuta huo taa ya nchi za kulia hujitambulisha yenyewe, maana mstari wake hupanda upande wa kulia. Fundi mwenye kujali aweza kumwambia mteja wakati huo kwamba kuishusha zaidi hakutoshi, kwa sababu kinachoshushwa ni kimo tu, upande unabaki ulivyo. Mzigo nao una neno. Noah iliyopimwa ikiwa tupu, ikipakia abiria na magunia ya viazi nyuma, huinua pua, na taa iliyokuwa halali asubuhi huvuka mstari jioni. Magari mengi yana kitufe cha kuteremshia taa kando ya usukani, chenye namba kutoka sifuri, na ni kitufe ambacho pengine ndicho kinachoguswa mara chache kuliko vyote.

Wanabaki wageni wa kweli, magari yanayovuka mpaka kwa siku chache. Kiwira haisumbuliwi sana nao, kwa sababu Malawi huendesha kushoto. Suala ni la Rusumo, ambako lori la Rwanda huhamia kushoto likishaingia Tanzania, na la Kasumbalesa, kati ya Zambia na Kongo. Ulaya, magari yanayovuka kati ya Uingereza na Ufaransa hubandikwa kipande cha plasitiki kisichopitisha mwanga juu ya sehemu ya kioo inayoupandisha, na taa kadhaa za kisasa zina wenzo wa kugeuzia upande. Njia zote mbili humpunguzia mgeni umbali wa kuona, na hilo ni haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuja kwenye barabara iliyokwisha kupangwa. Mwenye gari la Tanzania aliyefunga taa ya namna hiyo kwa kudumu hana udhuru wa mgeni. Plasitiki hiyo kwake ni ya kumfikisha kwa muuza spea, akatafute yenye mshale.